Je, wajua kwa nini kuieleza mifupa ya Tendaguru kwa maandishi kulichukua nusu karne?

Mjusi mkubwa wa kilima cha Tendaguru, yaani kiunzi cha dinosaria kilichoko Berlin, ni habari ya kawaida Lindi. Hata bungeni ameulizwa zaidi ya mara moja. Kinachozungumzwa kidogo ni kazi ya aliyemweleza kwa maandishi. Werner Janensch, mtaalamu wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) kwenye makumbusho yaliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Berlin, aliongoza uchimbaji pale kilimani, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, kuanzia 1909 hadi 1911. Andiko lake kubwa la mwisho kuhusu mifupa hiyo lilitoka 1961, akiwa na miaka 82. Mbona alichukua muda mrefu hivyo?

Kwanza, mzigo wenyewe. Kufikia 1913 uchimbaji ulipofungwa, zaidi ya tani 200 zilikuwa zimeshabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, kwa sababu mbung'o hawakuruhusu punda wala ng'ombe. Na wapagazi hao walikuwa ndio kwanza wametoka kwenye Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi isivunjike njiani. Berlin ikabidi ifunguliwe furushi baada ya furushi, mwamba uchokolewe, vipande viunganishwe. Mengine hayajafunguliwa mpaka leo.

Pili, kumpa mnyama jina na kumweleza ni kazi mbili tofauti. Jina huhitaji kurasa chache tu: mwaka 1914 Janensch alitoa taarifa ya awali, akamwita dinosaria huyo Brachiosaurus brancai. Baada ya hapo ndipo shughuli ilipoanza, kila mfupa kupimwa, kuchorwa na kulinganishwa na wa wanyama wengine. Mafuvu yalitoka 1935 na 1936. Mwaka 1937 kiunzi chote kikasimamishwa ukumbini. Pingili za mgongo zikasubiri hadi 1950, maana katikati palipita Vita vya Pili vya Dunia, na mabomu yakateketeza sehemu ya makumbusho pamoja na baadhi ya mifupa. Mabega, nyonga na miguu ndiyo ya 1961.

Kwa maoni yangu, kilichoipa kazi hiyo uhai mrefu ni alama ndogo zilizoandikwa kwenye mifupa. Chukua ile yenye alama SII: S ni shimo ilimochimbwa, II ni mnyama wa pili wa shimo hilo. Anayesoma kurasa za Janensch anaweza kwenda kabatini, akatafuta alama ileile na kukagua alichoandika Janensch. Hivyo ndivyo alivyofanya Mwingereza Michael Taylor. Mwaka 2009 alilinganisha mifupa ya Tendaguru na ya Brachiosaurus wa Marekani, akaorodhesha tofauti 26, akahitimisha kwamba wa kwetu ana jenasi yake (kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ambalo ni neno la kwanza la jina la kisayansi), Giraffatitan, jina lililokuwa limependekezwa na Gregory Paul mwaka 1988. Janensch alikosea jenasi, lakini vipimo vyake ndivyo vilivyowezesha kumkosoa.

Halafu kuna jina ambalo halipo kwenye orodha ya waandishi: Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji na fundi mkuu wa kuandaa mifupa. Wakubwa wa Kijerumani walibadilishana zamu, yeye akaendelea na kazi. Heshima ya kisayansi ilimfikia mwaka 2007 tu, Kristian Remes alipochunguza upya pingili za shingo zilizotoka Tendaguru, akaona ni za mnyama asiyejulikana, akamwita Australodocus bohetii. Watafiti waliofuata wamemhamishia ukoo mwingine, wakisema hana undugu wa karibu na dinosaria mwingine mwenye shingo ndefu, Diplodocus, kama Remes alivyodhani. Lakini kanuni za majina ya wanyama haziruhusu kubadili neno la pili la jina, lile la spishi, kwa sababu ya mabishano ya ukoo, kwa hiyo bohetii ni bohetii.