Mgongo umekushika, sawa. Lakini siku ya tano bado umelala?

Wiki iliyopita aliletwa fundi ujenzi wa miaka 38, amejikunja kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, kichwa mapajani kwa mkewe. Mgongo ulimshika akiinua ndoo ya zege. Akabaki ameinama palepale, vijana wakambeba mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo alikuwa kitandani. Siku 19. Anaoga kitandani, anakula kitandani, kazi ameshapewa mtu mwingine.

"Nani alikwambia ulale, fundi?"

"Kila mtu, dokta."

(Mimi si dokta, ni mtu wa fiziotherapia. Nimeshaacha kubishana.) Lakini jibu lake ni la kweli: kila mtu. Mama mkwe, jirani, muuza duka la dawa, hata wenzangu wa makoti meupe. Mwezi huu pekee nimeisikia sentensi hiyohiyo mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuandika badala ya kupandisha presha.

Tuanze na muda, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Maumivu makali, yale ya kukukata pumzi ukijigeuza, huwa siku 2 au 3 za mwanzo. Baada ya hapo yanalegea, si kwa mstari ulionyooka. Leo nafuu, kesho asubuhi unasonya tena. Wengi wiki ya pili wako kwenye shughuli zao, na kaumivu kadogo kanaweza kubaki hadi wiki ya 6. Mwaka 2014 Waaustralia walitoa majibu ya utafiti wa watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya kiuno. Nusu yao walikuwa wamepona ndani ya siku 17 hivi. Waliomeza paracetamol na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani walitofautiana siku moja tu, tena waliotangulia ni hao wa vidonge vitupu.

Sasa hilo la kulala. Msuli wa mgongo unapokaza hujifunga kama mtu aliyeshtuka, unalinda eneo. Uchungu wake ni mkubwa mno ukilinganisha na madhara yaliyopo. Mara nyingi hakuna kilichokatika wala kilichochomoka. Ukilala chali siku nzima, msuli haupati habari kwamba hatari imepita. Viungo vinakakamaa, misuli ya mapaja na makalio inanyong'onyea, na kichwani hofu inakomaa. Ukija kujaribu kuinuka siku ya 8 unaumia kweli, lakini hapo unaumizwa na kitanda. Wewe unasema, "Mnaona? Bado sijapona," na unajirudisha shukani.

Haya si maoni yangu ya kijiweni. Mwaka 1986 huko Marekani walichukua wagonjwa wa mgongo, wengine wakaambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Wale wa siku 2 walikosa kazi siku chache zaidi, karibu nusu ya wenzao, na hawakudhurika kwa lolote. Mwaka 1995 jiji la Helsinki, Finland, wafanyakazi wa manispaa waligawanywa makundi matatu: kulala siku 2, kufanya mazoezi ya mgongo, na kuendelea na maisha kadiri maumivu yanavyoruhusu. Walioendelea na maisha ndio waliopona upesi. Angalia vizuri: kundi la mazoezi nalo liliachwa nyuma, na mimi nakula kwa mazoezi. Inaniuma kidogo kuliandika. Ndiyo maana mgonjwa wa siku ya kwanza simpi mazoezi ya kujikunjakunja. Namwambia atembee.

Siwaambii mkabebe zege na maumivu. Siku ya kwanza jilaze, lakini kwa vipande: ubavu, mto katikati ya magoti, au chali na miguu juu ya kiti, dakika 20, kisha inuka. Na kuinuka kuna namna yake. Usijikurupushe kama anayeitwa na baba. Kunja magoti, jigeuze mzima-mzima kama gogo mpaka ulale ubavu, shusha miguu nje ya kitanda, wakati huohuo jisukume kwa kiwiko na kiganja. Miguu inashuka, kiwiliwili kinapanda, kama mizani. Pumua ukiwa unafanya hivyo. Watu wengi hubana pumzi na msuli unazidi kukaza. Choo cha kuchuchumaa kitakutesa, kwa hiyo weka kiti cha plastiki cha kushikilia, na ndoo ya kuogea ipandishe juu ya stuli usiinamie sakafuni. Ukishindwa kusujudu, swali umekaa kwenye kiti.

Leo tembea chumbani kila saa. Kesho fika getini, keshokutwa dukani. Kanuni yangu: maumivu yakipanda kidogo ukitembea, kisha yakatulia ndani ya nusu saa baada ya kukaa, uko sawa, endelea. Yasipotulia, kesho punguza hatua, usizifute.

Fundi wangu alitumia dakika 20 kutoka kitandani hadi mwisho wa korido. Mkewe alilia. Nikamwambia hakuna muujiza hapo, mgongo ulishatulia siku nyingi, mumeo alikuwa hajaambiwa.

Mengine nayapitia haraka.

"Nipigwe picha kwanza." Ya nini? Eksirei haioni msuli uliokaza. Itakachoona ni "pingili zimesagika", maneno yaliyolaza watu wazima wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka 2015 zilikusanywa tafiti za picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa popote: diski zilizochakaa (vile vimto laini vya kati ya pingili) walikuwa nazo 37% ya wenye miaka 20 na 80% ya wenye miaka 50. Hizo ni mvi za mgongo. Picha ina watu wake. Ukifa ganzi sehemu za siri na eneo la haja, ukishindwa kukojoa au mkojo kutoka wenyewe, miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali leo, hata kama ni saa nane usiku. Kadhalika aliyeanguka toka juu au kupata ajali, mwenye historia ya saratani, na mwenye homa, jasho la usiku na kukonda. Kwetu huku kifua kikuu huingia kwenye uti wa mgongo, na huwa hakianzi kwa kuinua ndoo.

"Ni figo." Figo huuma chini ya mbavu, mara nyingi na homa au mkojo wenye shida, na haijali umegeukia upande gani. Maumivu yanayokukamata ukivaa soksi ni ya mgongo.

"Ni dalili ya nguvu za kiume kupungua." Hapana. Anayekuambia hivyo ana chupa ya kuuza.

"Sindano ndiyo inaponya." Diklofenaki ya sindano na ya kidonge ni dawa ileile. Inapunguza maumivu ili uweze kutembea, na hapo imefanya kazi yake. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo mbovu asiinunue kienyeji.

"Mtoto anikanyage mgongo." Mpe mtoto kazi nyingine. Kuchuliwa taratibu na kukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto kunasaidia siku za mwanzo, ila yasiwe yanayochemka. Nimeona malengelenge makubwa kuliko tatizo lenyewe.

"Lala sakafuni." Utafiti wa Hispania wa 2003 kwa wenye maumivu sugu uliona godoro la ugumu wa wastani linashinda lile gumu sana. Sakafu sijui nani aliileta. Na mkanda wa kiuno, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri usitumiwe kwa maumivu sugu. Nilisema hivyo kwa mama mmoja muuza mikanda hiyo, hatusalimiani tena.

"Mgongo ukishika mara moja, usiinue kizito maisha yako yote." Hili nalo linanichosha. Mgongo unaweza kushika tena ndani ya mwaka, wengi huwapata, na haina maana kwamba kuna kitu kimechanika upya. Msuli usiobebeshwa chochote unazidi kuwa dhaifu, na siku ukilazimika kubeba gunia la mchele unakukuta hivyohivyo.

Fundi alirudi juzi, safari hii kwa daladala, amesimama njia nzima. Akaniuliza kuhusu ndoo ya zege.

"Nusu ndoo, wiki ijayo. Ikiwa sawa, ongeza."

"Na nikishikwa?"

"Tembea."