Simu ya 4G haishiki 4G kila mahali

Wengi huamini kwamba simu ikiandikwa 4G, itashika 4G kwa laini yoyote, popote. Ndiyo maana simu za mtumba kutoka Marekani hununuliwa kwa kutazama kamera na betri tu.

4G hurushwa kwa masafa mbalimbali ya mawimbi ya redio, yanayopewa namba ziitwazo bendi. Bendi ya 3 ni 1800 MHz. Bendi ya 20 ni 800 MHz, ambayo hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, hivyo hufaa vijijini. Baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina bendi ya 20. Mnara ukirusha 4G kwa bendi hiyo tu, simu hiyo itarudi 3G au hata E (yaani 2G), na lawama hubebeshwa mtandao.

Kukagua si kazi. Kwenye mipangilio, fungua "Kuhusu simu", nakili namba ya modeli hadi herufi ya mwisho (jina pekee halitoshi, maana simu ya jina moja huwa na matoleo kadhaa), kisha itafute mtandaoni uone bendi zake. Za mtandao wako, waulize huduma kwa wateja. Dukani weka laini yako mwenyewe, piga, fungua video. Ikikataa laini, huenda imefungwa kwa kampuni ya ilikotoka. Na kama ni ya mama kijijini, ulizia kwanza majirani zake wanatumia laini gani.