Uzamili wa Teknolojia ya Elimu na Ukutubi wa Shule: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwalimu wa Dodoma akiwaambia wenzake kwamba anakwenda kusomea uzamili wa teknolojia ya elimu, huulizwa kama atarudi akiwa fundi wa kompyuta. Akisema anakwenda kusomea ukutubi wa shule, yaani taaluma ya kuendesha maktaba ya shule, huulizwa, kwa sauti ya chini, kama amechoka kufundisha. Wanaouliza hawana nia mbaya, lakini maswali yao yamebeba dhana ambazo zimewafanya walimu hodari kuikwepa fani ambayo wangeifaa sana.

Tuanze na hilo la ufundi. Teknolojia ya elimu katika ngazi ya uzamili haimfundishi mtu kutengeneza mashine; inamfundisha kuuliza mashine imeongeza nini katika ujifunzaji, na kulithibitisha jibu lake kwa utafiti. Mjadala maarufu wa fani hiyo uliwashwa na Richard Clark wa Marekani mwaka 1983, alipodai kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta chakula: lishe ya mlaji hubadilishwa na chakula chenyewe, yaani mbinu ya ufundishaji, wala si lori. Robert Kozma alimpinga katika miaka ya 1990, akieleza kuwa yapo mambo ambayo chombo kimoja huyawezesha na kingine hakiyawezi. Sisi pia tumo katika ubishi huo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu, na mwalimu anayekitumia cha kwake kuwasomea wanafunzi maelezo yaleyale aliyokuwa akiyaandika ubaoni amebadilisha lori tu.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni ile inayomwona mkutubi kuwa mlinzi wa vitabu: ana funguo, ana daftari la kuazimisha, na sifa yake ni kwamba hakuna kitabu kilichopotea. (Nimeona stoo ambazo hakijapotea hata kimoja kwa sababu hakijasomwa hata kimoja.) Ukweli ni kwamba kazi yake imejaa maamuzi ya kitaaluma. Chukua upangaji wa Dewey, mfumo wa kuvipa vitabu namba kulingana na mada zake, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876 na ambao bado unatumika katika maktaba nyingi. Ndani yake lugha ya Kiswahili ipo kwenye 496.392, fasihi yake 896.392, na historia ya Tanzania 967.8. Biblia na Ukristo vilipewa karibu namba zote kuanzia 220 hadi 289, huku Uislamu ukiminywa ndani ya 297. Mkutubi wa shule iliyoko Kondoa, wilaya yenye Waislamu wengi, ataufuata mpangilio huo jinsi ulivyo, au ataurekebisha ili rafu ilingane na wasomaji wake? Je, riwaya za Kiswahili azifiche nyuma ya namba ndefu, au azitenge pembeni mahali ambapo mtoto wa kidato cha kwanza ataziona akiingia mlangoni? S. R. Ranganathan wa India, katika kanuni zake tano za mwaka 1931, alitaka muda wa msomaji uokolewe, na kuuokoa kunahitaji mtu anayeijua mitaala pamoja na watoto.

Wengine husema intaneti imeimaliza maktaba. Kweli, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, lakini shule isiyo na bando haifaidiki nayo mpaka mtu aandae njia nyingine, kwa mfano programu ya Kolibri, inayohifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyasambaza darasani bila intaneti. Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba iliyotokea New Zealand, hailipiwi leseni; anayeingiza rekodi, kuzikagua na kuzihifadhi nakala ndiye gharama yenyewe. Huyo huyo ndiye anayepaswa kujua kwamba orodha ya nani kaazima nini ni taarifa binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022, na kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haikumpa ruhusa ya kutoa fotokopi ya kitabu kizima kwa ajili ya darasa zima.

Kuhusu dhana kwamba masomo kwa njia ya masafa ni mepesi, jibu ni fupi: shahada ya uzamili ni ngazi ya 9 katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini, uwe umeisomea bwenini Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma, au kupitia Chuo Kikuu Huria.

Iko pia dhana kwamba shahada ya Marekani yenye ithibati ya chama cha maktaba cha huko, ALA, inajitosheleza popote. Hata Marekani kwenyewe majimbo mengi humtaka mkutubi wa shule awe na leseni ya ualimu pia, na anayerudi nayo Tanzania bado anapaswa kuipeleka Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe.