Fahirisi ni 30, sawa. Kazi imefika wapi?

Faili la mtafiti anayeomba kupandishwa cheo likifika mbele ya kamati, macho hukimbilia namba moja: fahirisi h. Iliasisiwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na ilipendwa kwa sababu hata asiyejua fani ya mwombaji anaweza kuihesabu.

Tuihesabu basi. Fahirisi h ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa na watafiti wengine angalau mara sawa na idadi hiyo. Mtafiti ana makala sita, zilizonukuliwa mara 50, 22, 9, 5, 4 na 2. Shuka nazo kutoka juu. Ya nne ina nukuu 5, kwa hiyo imefikisha 4. Ya tano ina 4 tu, haijafikisha 5. Unaishia hapo: fahirisi yake ni 4. Sasa futa ile 50, andika 5,000. Bado ni 4.

Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu mtafiti wa huduma za wavuti za kisemantiki, namba hiyo naiweka kando kwanza. Fani hii inaumbua vipimo vyetu kuliko nyingi ninazozijua.

Huduma ya wavuti ni programu inayoitwa na programu nyingine kupitia intaneti, kwa mfano kuulizia nafasi za ndege au kupokea malipo. Miaka ya 2000 ilipoanza, huduma hizi ziliweza kueleza umbo la data zinazopokea, lakini si maana yake. Sehemu imeandikwa “tarehe”. Ni ya kuondoka, ya kurudi au ya kuzaliwa? Kompyuta haina habari. Lazima mtu asome maelezo, kisha aandike msimbo wa kuziunganisha.

Mwaka 2001 Sheila McIlraith, wakati huo akiwa Stanford, pamoja na Tran Cao Son na Honglei Zeng, walichapisha katika jarida la IEEE Intelligent Systems makala iliyopendekeza huduma zielezwe kwa maana zake, ili programu iweze yenyewe kuzitafuta, kuziita na kuziunganisha. Mfano wao mmoja ulikuwa wa kawaida kabisa: nitafutie anayeuza tiketi za ndege kati ya San Francisco na Toronto na anayepokea kadi ya Diners Club.

Makala hiyo ilinukuliwa sana. Lakini kunukuliwa kwenyewe kuna namna nyingi, na hapa ndipo kazi ya mtathmini inapoanza. Chukua makala ishirini zinazoinukuu kazi unayoipima, uisome ile sentensi yenye nukuu. Nyingi utakuta zinasema “suala hili limechunguzwa na wengi”, kisha msururu wa namba kumi na tano kwenye mabano. Huo ni uungwana tu. Chache zitakuwa zimeichukua kazi na kujenga juu yake. Mbinu ya Massimo Paolucci na wenzake ya mwaka 2002 ni mfano mzuri. Walipanga ulinganifu kati ya ombi na huduma katika ngazi nne: vinalingana kabisa, huduma ni pana kuliko ombi, ombi ni pana kuliko huduma, au havikutani. Waliokuja baada yao waliziongeza ngazi hizo, wakazipinga, wakazipima upya. Nukuu tatu za namna hiyo nazithamini kuliko mia za uungwana.

Na nje ya majarida je? Lugha ya kueleza maana ya huduma iitwayo OWL-S, iliyotokana na mkondo huo wa utafiti, iliwasilishwa kwa shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2004, ikabaki kuwa wasilisho. Iliyopita na kuwa kiwango rasmi, mwaka 2007, ni SAWSDL, ambayo ni nyepesi mno: viambatisho vichache tu juu ya maelezo yaliyokuwapo tayari. Wakati huo IBM, Microsoft na SAP walikuwa wameshafunga saraka zao za umma za huduma, mwaka 2006, na waandishi wa programu walikuwa wakihamia njia rahisi zaidi. Kuandika maana ya kila huduma ilikuwa kazi nzito, na aliyeibeba hakuwa wa kwanza kufaidika. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoizima OWL-S, wala si udhaifu wa wazo.

Kisha mwaka 2011 Google, Bing na Yahoo wakazindua schema.org, msamiati wa pamoja wa kueleza vilivyomo kwenye kurasa, na mwaka 2014 ukaongezewa maneno ya vitendo: kununua, kuweka nafasi. Sithubutu kusema ulizaliwa na makala ya 2001. Ila swali ni lilelile, kompyuta itajuaje maana, na safari hii mwenye tovuti alikuwa na sababu ya kujisumbua, kwani injini za utafutaji zilimwonyesha vizuri zaidi.

Safari kama hiyo haionekani kwenye fahirisi h. Uingereza, katika tathmini yake ya kitaifa ya utafiti ya 2021, ilitoa asilimia 25 ya alama kwa athari nje ya taaluma, kutoka asilimia 20 mwaka 2014, na ikadai visa vyenye ushahidi.

Ushahidi huo hupotea haraka. Kama umekaa kwenye kikundi cha viwango na pendekezo lako likapita, hifadhi leo kumbukumbu za kikao, rasimu ya kabla na ya baada, na sentensi iliyobadilika kwa sababu yako. Miaka kumi baadaye ukurasa ule unaweza usifunguke tena.