Kalamkari ya Srikalahasti haipakwi rangi

Kila inapowekwa picha ya kalamkari, sanaa ya India ya kuchora kwenye kitambaa cha pamba, lazima atokee mtu wa kuandika kwamba mchoraji "amepaka rangi" kitambaa. Nimechoka kulisoma hilo. Katika kalamkari ya Srikalahasti, Andhra Pradesh, weusi wa mistari na wekundu wa mwili wa Ravana, mfalme wa mapepo katika utenzi wa Ramayana, hutokea ndani ya uzi wenyewe.

Kitambaa cha marekani kisichopaushwa hulowekwa kwenye maziwa ya nyati wa kufugwa yaliyochanganywa na unga wa tunda la karakaya. Karakaya inaleta tanini, dutu ya mimea yenye ukakasi; mafuta ya maziwa yanazuia mstari usitambae. Maziwa yakiwa mepesi, vidole vya Sita, mke wa shujaa Rama, vinavimba na kushikana.

Rasimu huchorwa kwa mkaa wa kijiti cha mkwaju. Halafu inakuja kalamu ya mwanzi iliyozungushiwa sufu na kufungwa uzi. Unaiminya sufu, maji yanashuka nchani. Maji hayo, wino uitwao kasimi, ni vyuma chakavu vilivyovundikwa na sukari guru kwa wiki mbili tatu. Chunguni ni ya hudhurungi. Yanakuwa meusi pale tu yanapokutana na tanini. Kwenye kitambaa kisicho na karakaya yanaacha kutu.

Wekundu ndio unaowachanganya wengi. Ravana huchorwa kwa maji ya shabu, chumvi inayoshikisha rangi kwenye uzi, ambayo karibu hayaonekani. Kitambaa kikishakauka vizuri, hufuliwa kwenye maji yanayotiririka, kikiwa kimetandazwa. Kikikunjwa, au yakitumika maji ya beseni, shabu iliyozidi inahamia pembeni na tumbili Hanuman anapata madoa yasiyotoka. Baada ya hapo kinachemshwa na mizizi ya manjistha, mmea wa rangi nyekundu: penye shabu panakolea, kwingine panabaki na waridi hafifu, ambao huondolewa kwa samadi na jua.

Maelekezo mengi hayasemi kwamba kasimi inakula pamba. Kwenye nguo kuukuu, kitambaa hukatika kwanza kwenye mistari myeusi. Ndiyo maana nina mashaka makubwa na ushauri wa kurudia mstari mara mbili ili ukolee.

Machilipatnam, mji mwingine wa kalamkari, wanatumia mihuri ya mbao. Hiyo ni kazi nyingine.

Nili, rangi ya buluu, haihitaji shabu, nayo hutiwa karibu na mwisho, kwa hiyo Ravana anakamilika kabla Rama hajapata mwili wake wa buluu. Ikipita juu ya rangi ya manjano, inatoa kijani cha majani.