Kupiga marufuku Kiswahili hakufundishi Kiingereza

Shule ikifungua klabu ya Kiingereza hapa Dar, cha kwanza kubandikwa mlangoni ni onyo: ukiongea Kiswahili, adhabu. Halafu watu wanashangaa chumba kimekuwa kimya! Mtoto anayeingia sekondari kutoka shule ya msingi ya serikali amesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili miaka 7. Ukimnyima Kiswahili hapati Kiingereza, anasubiri kengele.

Adhabu iondolewe, hilo halina mjadala. Kinachonikera zaidi ni mdahalo. Wanafunzi 60 ukumbini, wasemaji 6 mbele, mada ile ile ya elimu na fedha kipi bora, hotuba zimekaririwa neno kwa neno. Saa nzima, 54 wamepiga makofi tu. Na wale 6 nao hawajazungumza: mtupie mmoja swali la papo kwa papo uone kama hatarudi mwanzo wa hotuba.

Wagawe wawili wawili. Mmoja apewe ramani ya Mwenge hadi Kariakoo iliyofutwa majina ya vituo, mwenzake awe na majina, na wasioneshane karatasi. Hapo hakuna ujanja, lazima mtu aulize na mwingine ajibu. Kabla ya kuanza wape dakika 3 wapange kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili. Akishajua anachotaka kusema, nguvu yote inabaki kwenye namna ya kukisema.

Kisha masimulizi: jambo lile lile kwa dakika 4, kwa msikilizaji mpya dakika 3, kwa wa tatu dakika 2. Msikilizaji asipobadilishwa zoezi linakufa, maana hakuna anayesikia jipya. Kidato cha kwanza dakika 4 hawaziwezi. Anza na 2, shuka hadi 1.

Usimkatize anayesema. Andika makosa pembeni, mwishoni weka matatu ubaoni. Kiambishi chetu a- hakibagui mwanamke na mwanamume, kwa hiyo hata wa kidato cha nne anayeijua kanuni atamwita mama yake "he". Hilo haliondoki kwa kukemewa. Linahitaji masimulizi mengi yenye kaka na dada ndani yake.

Shaka ninayo moja, nayo si ndogo: ufasaha wa kuzungumzia vituo vya daladala haumvushi mtu kwenye mtihani wa biolojia, ambao sekondari huandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana naona nusu ya mada zitoke kwenye madaftari yao. Aeleze mzunguko wa damu kwa dakika 2, na mwalimu wa biolojia awepo, kwa sababu wa Kiingereza anaweza asigundue ateri na vena zikibadilishana kazi.