Safari ya mafunzo ya uvuvi wa pwani: ni nini, na mgeni hufundishwa nini

Safari ya mafunzo ya uvuvi wa pwani ni matembezi ya saa kadhaa baharini, karibu na nchi kavu, ambapo mtu asiyejua kuvua hupandishwa chomboni na mvuvi mzoefu ili ajifunze kuvua kwa mshipi. Mzoefu huyo ndiye mwongozaji, na mara nyingi ndiye nahodha pia. Boti, fito za kuvulia, ndoana, chambo na vifaa vya usalama ni juu yake. Mgeni huja na kofia, maji ya kunywa na mikono yake miwili.

Uvuvi wa pwani hapa ni ule wa maji ya ndani: ghuba, hori (mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu), midomo ya mito, kando ya mikoko, nyanda za nyasi bahari, na miamba isiyo mbali na ufuko. Kina chake aghalabu ni mita chache, na penye nyanda za mchanga maji huweza kuishia magotini. Uvuvi wa bahari kuu ni kazi nyingine kabisa. Huko boti hukata maji saa nzima au zaidi kabla mshipi haujashushwa, mawimbi huwa makubwa, na samaki anayetafutwa, jodari au sulisuli, anaweza kumzidi mtu uzito. Pwani mshipi unaweza kuwa majini dakika chache tu baada ya kung'oa nanga. Upepo ukigeuka, kuna kisiwa au kona ya hori ya kujificha. Na kwa kuwa samaki wa pwani wengi ni wa ukubwa wa wastani, mgeni hupata nafasi nyingi za kujaribu ndani ya asubuhi moja. Hiyo ndiyo sababu hasa wanaoanza hupelekwa huku. Ustadi wa mikono huja kwa kurudia, na bahari kuu haimpi mtu nafasi nyingi za kurudia.

Kundi huwa dogo. Nchini Marekani, ambako biashara hii imeenea sana katika majimbo ya kusini yanayopakana na bahari, leseni ya msingi ya nahodha inayotolewa na Walinzi wa Pwani huruhusu abiria wa kulipa wasiozidi 6. Boti zilizoundwa kwa ajili ya maji haba, yaani yenye kina kifupi, hazibebi hata hao; wageni wawili au watatu zimeshajaa. Nusu siku huchukua kama saa 4, siku nzima kama saa 8.

Sasa, si kila safari yenye mwongozaji ni ya mafunzo, na hapa ndipo watu hudanganyika. Kuna mwongozaji anayetupa mshipi mwenyewe, anasubiri samaki aume, anamkaza kwenye ndoana, kisha anamkabidhi mgeni ufito avute na kupigwa picha. Mgeni anashuka akiwa na samaki mzuri na hajui alipatikanaje. Mimi siiti hiyo mafunzo hata kama samaki walijaa ndoo. Katika safari ya mafunzo ufito unakaa mikononi mwa mgeni tangu mwanzo, akikosa anakosa yeye, na mwongozaji anaeleza kwa sauti mambo ambayo siku nyingine angeyafanya kimyakimya: kwa nini tumeanza hapa na si pale, kwa nini tunahama, kwa nini sasa tunabadilisha chambo. Kipimo chake ni kama siku ya pili, akiwa peke yake ufukoni, mgeni anaweza kutazama maji na kuchagua pa kusimama.

Kwa hiyo somo la kwanza si ndoana. Ni maji yenyewe, na hasa kujaa na kupwa.

Katika sehemu nyingi za dunia bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kingine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana saa ya maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Si kila mahali ni hivyo. Sehemu za kaskazini mwa Ghuba ya Meksiko, kwa mfano, hujaa mara moja tu kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, na mkondo huwa na nguvu. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mkondo ni mlegevu.

Mvuvi hujali jambo hili kwa sababu samaki wawindaji hawapendi kuhangaika. Mkondo unapotembea huwaletea kamba, vidagaa na vikaa mpaka mlangoni, nao hujipanga mahali ambapo chakula lazima kipite. Maji yakisimama, mlo nao husimama, na mara nyingi samaki huacha kuuma. Mabaharia wana kanuni ya zamani ya kukadiria mwendo wa maji pale yanapojaa na kupwa kwa saa sita sita. Saa ya kwanza husogea sehemu 1 kati ya 12 ya tofauti yote, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano sehemu 2, ya sita sehemu 1. Ukijumlisha utaona kwamba nusu ya maji yote husogea katika saa mbili za katikati. Mwongozaji anayekwambia mkutane gatini saa fulani isiyo ya kawaida hana ukaidi. Amepiga hesabu ili saa hizo mbili zikukute mahali penye samaki.

Kutoka hapo somo huhamia kwenye umbo la mahali. Chukua mdomo wa hori maji yanapokupwa. Maji yote yaliyokuwa yametanda kati ya mizizi ya mikoko sasa yanatafuta njia ya kutoka, na njia ni hiyo moja nyembamba. Kila kiumbe kidogo kilichoingia kula huko ndani kitapita hapo, na samaki mkubwa anajua. Atajiweka pembeni kidogo mwa mkondo, nyuma ya jiwe au kwenye ukingo ambapo kina hubadilika ghafla, kichwa kikiuelekea mkondo. Kwa hiyo chambo hutupwa upande wa juu, kikasukumwa na maji hadi kwake, kama anavyokuja kamba wa kweli. Kukitupa upande wa chini na kukivuta kwenda kinyume na mkondo ni kumwonyesha samaki kitu ambacho hajawahi kukiona maishani: kidagaa kinachokimbilia mdomo wake kwa kupambana na maji.

Maji yanapojaa picha hugeuka. Samaki hupanda kwenye nyanda na kuingia mikokoni kufuata chakula, na mwongozaji huwafuata kwa upondo, au kwa mota ndogo ya umeme isiyo na kelele, maana katika maji ya nusu mita hata kuangusha kifuniko cha sanduku huwafukuza. Hapa mgeni hufundishwa kutazama. Miwani yenye vioo vya kukata mng'ao wa jua si urembo. Bila hiyo uso wa maji ni kioo tu. Hutafuti samaki mzima. Unatafuta kivuli kinachosogea, mkia uliochomoza, vidagaa vinavyoruka kwa pamoja kana kwamba vimeshtuliwa, ndege wanaojirusha majini, au kipande cha maji kinachotetemeka pasipo upepo. Mwongozaji akiona kitu huelekeza kwa namba za uso wa saa: omo ni 12, tezi ni 6, kulia ni 3, kushoto ni 9. Akisema "mbili, mita kumi na tano," mgeni anatakiwa aelekeze ufito kwanza, ndipo atazame. Wengi hufanya kinyume, wanageuza kichwa kumtafuta samaki, na wakishamwona keshaondoka.

Kutupa mshipi ndiko kunakowapa watu hofu, na kwa kweli ndiyo sehemu rahisi kuliko zote za siku nzima. Wanaoanza hupewa ufito wenye rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya kuning'inia chini, ile yenye kikono cha waya kinachofunguka. Unashika mshipi kwa kidole cha shahada, unafungua kikono, unapeleka ufito nyuma kidogo ya bega, unaurudisha mbele kwa mwendo unaoongezeka kasi na kukomea ghafla, na hapo unaachia kidole. Ukiachia mapema chambo hupaa juu na kuanguka karibu. Ukichelewa hupiga maji mbele ya miguu yako. Nguvu haisaidii. Ufito ndio unaorusha. Mwongozaji mzuri humwacha mgeni arushe kwanza kwenye maji wazi, bila ndoana, mpaka kidole kizoee.

Kuhusu chambo waongozaji wenyewe hubishana. Naegemea upande wa wanaoanza na kamba hai chini ya boya dogo, kwa sababu boya humfundisha mtu tofauti kati ya kuguswa na mawimbi, kudonolewa na visamaki, na kuumwa kwa dhati. Chambo bandia huja baadaye. Kinadai mkono uliokwisha jua kukitembeza.

Samaki anapouma, silika ya mtu ni kuvuta ghafla kwa nguvu zote. Kama ndoana ni ya mviringo, ile ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea shina, kuvuta huko kunaichomoa mdomoni. Inatakiwa ukunje mshipi taratibu hadi uzito uonekane, na ndoana itateleza yenyewe na kujishika kwenye pembe ya mdomo. Baada ya hapo kazi ni ya breki ya rili, ile inayoachia mshipi utoke samaki akivuta sana, ambayo hukazwa kabla ya kuanza, kwa kawaida kiasi cha robo hadi theluthi ya uzito ambao mshipi unaweza kustahimili. Samaki akikimbia, mwache akimbie. Kuzungusha mkono wa rili wakati breki inatoa mshipi hakumleti samaki. Kunausokota mshipi tu, na utalia nao siku iliyobaki. Akichoka, unainua ufito polepole, kisha unaushusha huku ukikunja. Usiusimamishe wima kupita kichwa chako samaki akiwa chini ya boti, kwa kuwa hapo ndipo fito huvunjika.

Fundo la kufungia ndoana hufundishwa mara moja na husahauliwa mara tatu. Lenye kufaa ni lile la kuzungusha mshipi mara tano, kupitisha ncha kwenye kitanzi na kuilowesha kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika papo hapo.

Samaki akifika kando ya boti somo hubadilika, maana sheria huingia. Karibu kila penye usimamizi wa uvuvi kuna ukubwa wa chini wa samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa, na penginepo kuna ukubwa wa juu pia. Huko Florida, kwa mfano, samaki aitwaye red drum hubakizwa tu akiwa na urefu wa inchi 18 hadi 27. Mdogo hajapata nafasi ya kuzaa. Mkubwa sana ndiye mzazi anayetoa mayai mengi kuliko wote. Anayerudishwa majini hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa, kwa kuwa mikono mikavu humkwangua ute unaomlinda na magonjwa. Hushikwa kimlalo akiwa ametegemezwa tumbo, hapigwi picha kwa dakika nzima, na huachiwa pale tu anapojisukuma mwenyewe. Kijino cha ndoana, kile kinachoizuia isichomoke, kikiwa kimebanwa kwa koleo tangu mapema, kazi yote hii huisha haraka, na kidole cha mgeni kikichomwa hutoka pia kwa urahisi.

Hatari za maji haba ni chache ila zina majina. Fito nyingi za siku hizi ni za kaboni, na kaboni hupitisha umeme: ngurumo ikisikika, fito hulazwa na boti hugeuza. Anayeshuka kutembea majini huburuta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili samaki aitwaye taa aliyejifukia mchangani ashtuke na kuondoka kabla hajakanyagwa. Jaketi okozi huvaliwa. Na jua la juu huungana na lile linalorudishwa na maji, kwa hiyo kidevu na chini ya pua huungua hata chini ya kofia.

Kabla ya kulipa, maswali machache yanatosha kumjua mwongozaji. Nani atatupa mshipi? Tutakuwa wangapi? Leseni ya uvuvi ya boti inanihusu mimi, au nikate yangu? Maana hilo hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Halafu muulize kwa nini amechagua saa hiyo. Akikujibu kwa habari za maji, mkondo na mwezi, kaa naye. Akisema ndiyo saa anayoondoka kila siku, tafuta mwingine. Kwa mara ya kwanza chukua nusu siku. Baada ya saa nne za kutupa na kukunja, mkono usiozoea huwa haufundishiki tena.